Gunia la Scapin: namna ya kumchambua mjanja wa jukwaani

Kabla hujaandika neno lolote kuhusu Scapin, tafuta gunia. Hapa Tanga si kazi kulipata. Langu ni la katani, nililinunua kwa muuza nazi, na huu ni mwaka wa nane limekaa nyuma ya kabati la vitabu darasani kwangu. Utalihitaji baadaye. Nimelitaja mapema kwa sababu yote nitakayokueleza yanaelekea humo.

Nafundisha Kifaransa kidato cha tano na cha sita, wanafunzi wa KLF (Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa), na tamthilia ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kusoma nao ni Les Fourberies de Scapin ya mtunzi Mfaransa Molière, yaani Hila za Scapin. Ilichezwa mara ya kwanza Paris tarehe 24 Mei 1671, katika ukumbi wa Palais-Royal, na Scapin alikuwa Molière mwenyewe, akiwa na miaka 49. Ni futuhi ya matendo matatu, ya lugha ya nathari, na mambo yanatokea Naples. Vijana wawili, Octave na Léandre, wamependa bila idhini ya baba zao. Octave ameshaoa kabisa. Baba wanarudi kutoka safarini, fedha hakuna, na mtumishi wa Léandre, ndiye Scapin, anaombwa aingilie kati.

Insha za kwanza za kila mwaka hufanana. "Scapin ni mjanja, mwongo, jasiri na mcheshi." Kila sifa na mfano wake, kisha aya ya mwisho inayosema anatufundisha nini. Hakuna kosa la ukweli hapo. Tatizo ni kwamba orodha hiyo unaweza kumvika Sungura, ukamvika Abunuwasi, ukamvika ayari yeyote wa hadithi yoyote, na ikamkaa. Uchambuzi huanza siku unaposema jambo linalomfaa Scapin peke yake. Abunuwasi husimama mbele ya mfalme kwa jina lake, na akishinda, ushindi ni wake. Sungura hutafuta chakula chake na usalama wa ngozi yake. Scapin ni mtumishi wa watu. Anadanganya kwa niaba ya vijana ambao wao wenyewe wana haki ya kumpiga, na wanaodanganywa ni wazee wenye uwezo wa kumpeleka jela. Ukimsahau bosi wake, umemsahau yeye.

Kwa hiyo, chukua daftari. Isome tamthilia yote mara moja bila kalamu, ucheke, uifurahie. Ni fupi, jioni mbili zinatosha. Kisha irudie ukiwa umechora safu tano: nani ameomba hila hii, nani anadanganywa, udhaifu wake upi umeshikwa, kimepatikana nini, na nani amelipa gharama. Kila hila mstari wake. Usiandike maoni yoyote bado. Jaza tu.

Nikuonyeshe mstari mmoja kwa kirefu, kwa sababu watu wengi huupitia haraka. Tendo la 2, onyesho la 5: Octave anahitaji pistole 200, fedha ya wakati ule. Scapin anamwendea Argante, baba wa Octave, na kumwambia kwamba kaka wa yule binti aliyeolewa, mtu wa upanga, yuko tayari ndoa ivunjwe akilipwa. Kwanza anasema mtu huyo alidai pistole mia tano au sita, na Argante anawaka. Basi anashuka, anaanza na farasi, pistole 60. Kisha matandiko ya farasi na bastola, 20. Argante anaguna, anakubali. Kisha farasi wa mtumishi, 30. Argante anawaka, anabembelezwa, anakubali kwa shingo upande. Kisha Scapin anataja kanyumbu kadogo ka kubebea mizigo, na hapo Argante anasema basi, twende mahakamani.

Nyumbu! Mzee aliyekwisha kubali pistole 110 anakatikia kwenye nyumbu. Ukitaka kuandika kuhusu ubahili wa Argante, usiandike "Argante ni bahili". Andika kuhusu nyumbu. Hapo ndipo hofu yake na mkono wake mgumu vinapimana uzito mbele ya macho yetu, na mkono mgumu unashinda. Halafu tazama Scapin anachofanya. Habishani naye kuhusu nyumbu. Anahamia mahakama yenyewe: anamhesabia makarani, mawakili, mahakimu, rufaa, karatasi za kulipiwa, mkono wa kila mmoja unaotaka kitu. Hata baada ya hapo mzee hatoi. Inabidi Silvestre, mtumishi wa Octave, aingie amejigeuza mpiganaji wa upanga, akitukana na kutafuta damu ya Argante huku Argante amejibanza nyuma ya Scapin. Ndipo fedha zinapotoka. Na zikitoka, Scapin anakataa kuzipokea: kama mzee hamwamini, na atafute mtu mwingine. Argante anamsihi azichukue.

Sasa mweke kando yake Géronte, baba wa Léandre, kwenye onyesho la 7 la tendo hilohilo. Safari hii uongo ni merikebu ya makasia ya Waturuki: Léandre alikaribishwa ndani, akapewa matunda na divai, kisha merikebu ikang'oa nanga, na zisipoletwa écu 500, fedha nyingine ya wakati ule, upesi, kijana anapelekwa Algiers. Géronte anauliza swali moja tena na tena: alikwenda kutafuta nini kwenye merikebu ile? Wape wanafunzi kazi ya kuhesabu anarudia mara ngapi, na kila mara akilirudia, waseme Scapin amesema nini kabla yake. Wataona kwamba halipati jibu la kweli hata mara moja, na hakuna haja ya kujibiwa. Ni njia ya mzee ya kuchelewesha mkono usiingie mfukoni. Katikati anashauri Scapin abaki kwa Waturuki badala ya mwanawe, au yauzwe manguo makuukuu yaliyoko nyumbani. Mwishowe anautoa mfuko wa fedha, anaunyoosha, na anaurudisha mfukoni mwake mwenyewe bila kujua.

Fanya hesabu kidogo hapa. Kwa thamani ya fedha ya Ufaransa ya wakati ule, pistole moja ilihesabiwa livre 10, na écu moja livre 3. Basi Argante ametoa livre 2000 na Géronte 1500. Aliyetoa kidogo ndiye aliyelia zaidi. Hiyo ni sentensi nzuri ya insha, na hukuipata kwa kusoma sifa za wahusika. Umeipata kwa kujaza safu.

Kuna jambo jingine ambalo safu ya udhaifu itakuonyesha ukiwa mvumilivu. Rudi nyuma, tendo la 1, onyesho la 2. Scapin anamwambia Octave kwamba amestaafu hila tangu yeye na vyombo vya sheria walipokosana. Hasemi ni kesi gani. Mwisho wa tendo hilo anamtuliza Silvestre mwoga kwa kumwambia kwamba miaka mitatu ya galera, izidi au ipungue, haiwezi kumzuia mwenye moyo mkuu. Galera ndiyo merikebu ya makasia, ambayo wafungwa wa Ufaransa walifungwa minyororo humo na kupiga kasia kwa amri ya hakimu. Sasa tazama uongo wake mkubwa wa aina mbili katika tendo la 2. Argante anatishwa kwa mahakama. Géronte anatishwa kwa galera. Uongo wa Scapin umeshonwa kwa kitambaa cha maisha yake: anauza hofu anazozijua mwilini mwake. Hii ndiyo sababu zinaaminika. Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini, nikatoka nje nikasimama uani muda mrefu, maana nilikuwa nimeifundisha tamthilia hii miaka mitatu bila kuliona.

Kwa hiyo unapomchambua mjanja yeyote, jiulize malighafi ya uongo wake anaitoa wapi. Mwongo asiye na asili hana kina. Ukiipata asili hiyo, umempata mtu.

Tendo la 2, onyesho la 3 ndilo litakalokuharibia daftari, na inafaa liharibike. Léandre amesikia kwamba Scapin amemsengenya kwa baba yake. Anachomoa upanga, anamtaka akiri. Scapin hajui kosa gani linatafutwa, basi anaanza kutoa makosa moja baada ya jingine. Alikunywa na rafiki zake pipa dogo la divai ya Hispania, akalitoboa na kumwaga maji chini ionekane limevuja. Saa aliyotumwa ampelekee yule msichana wa Wajipsi anayependwa na Léandre, akabaki nayo, akarudi amejipaka tope na damu akidai ameporwa. Na lile zimwi lililompiga Léandre fimbo usiku miezi sita iliyopita, lilikuwa yeye, ili kijana aache kuwatuma usiku. Hakuna hata moja kati ya haya lililokuwa likitafutwa.

Safu ya kwanza, nani ameomba? Hakuna. Safu ya nne, kimepatikana nini? Divai, saa, usingizi, vyote vya Scapin. Na safu ya tano isome polepole. Kwa ile divai, Léandre alimgombeza mtumishi wa kike wa nyumbani akidhani ndiye mwizi. Scapin akanyamaza. Wanafunzi wanaompenda sana Scapin hujaribu kuliruka hili, nami huwarudisha. Ukitaka kudai kwamba yeye ni mtetezi wa wanyonge dhidi ya matajiri, huyu mtumishi wa kike atasimama mlangoni mwa hoja yako, na ni lazima umjibu. Namhurumia kila mara. Hana hata jina.

Usiishie hapo, soma moja kwa moja hadi onyesho la 4 bila kupumzika, kwa sauti. Habari inaletwa kwamba Wajipsi wanaondoka na Zerbinette, binti anayependwa na Léandre, fedha zisipopatikana ndani ya saa mbili. Kijana yuleyule mwenye upanga sasa anabembeleza, anajitolea kupiga magoti. Upanga na magoti vimetenganishwa na kurasa chache tu. Scapin hakubali haraka. Anamkumbusha kila tusi. Hapa mwambie mwanafunzi anayesoma Scapin asiharakishe, kwa sababu huu ndio muda pekee katika tamthilia ambapo mtumishi anaruhusiwa kuonyesha kwamba aliumia.

Kuhusu lugha nitasema kwa ufupi. Funika majina ya wahusika kwa karatasi, usome maneno ya Scapin tu, na ujaribu kutambua anaongea na nani. Kwa Argante anaanza kwa kukubaliana naye. Kwa Géronte anakimbia huku na huku akijifanya hamwoni aliyeko mbele yake, ili mzee amkimbilie yeye. Kwa Silvestre anaongea kama fundi na mwanagenzi wake. Kama sauti zote zinafanana masikioni mwako, tafsiri unayotumia ni mbaya, tafuta nyingine.

Haya, gunia.

Mwisho wa onyesho la merikebu, Géronte akiisha ondoka, Scapin anasema peke yake kwamba mzee yule atamlipa kwa sarafu nyingine, kwa sababu ndiye aliyemponza kwa Léandre. Mara baadaye anapomkabidhi kijana fedha, anamwomba ruhusa ya kulipiza kisasi kidogo kwa baba yake. Kijana anajibu, lolote utakalo. Pigia mstari ruhusa hiyo. Mtoto ameuza mgongo wa baba yake kwa écu 500.

Tendo la 3, onyesho la 2: Scapin anamwambia Géronte kwamba watu wenye silaha wanamtafuta wamuue, na njia pekee ni kuingia kwenye gunia abebwe hadi nyumbani. Mzee akiwa ndani, Scapin anaigiza sauti ya mtu mwenye lafudhi ya Gascogne, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, anagombana naye kwa sauti yake ya kawaida, analitandika gunia kwa fimbo, kisha analalamika kwamba aliyepigwa ni yeye. Anarudia kwa lafudhi nyingine ya kigeni. Mara ya tatu anataka kuigiza kundi zima la askari. Sauti zinakuwa nyingi, amenogewa, naye Géronte anatoa kichwa nje na kumwona.

Chukua wanafunzi wawili. Mmoja aingie guniani kweli, asijifanye. Fimbo iwe gazeti lililokunjwa. Wengine wasitazame kitabu, watazame jukwaa, kisha waandike mambo mawili tu: macho yao yalikuwa wapi, na walinyamaza lini. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivi nilitarajia wote waseme macho yalikuwa kwa Scapin, maana ndiye anayefanya kazi yote. Wengi waliandika walikuwa wakilitazama gunia. Lilikuwa linatikisika kidogo baada ya kila pigo. Kwenye pigo la pili walicheka sana, kwenye raundi ya tatu kicheko kikapungua kabla kichwa hakijatoka. Na msichana aliyekuwa ndani, alipotoka na nyuzi za katani kwenye nywele, alisema: "Madame, humo ndani nilisikia watu wanacheka, na sikujua wanachekea nini."

Sentensi yake hiyo nimeiandika nyuma ya nakala yangu ya tamthilia.

Sasa jaza mstari wa gunia kwenye daftari. Nani ameomba? Hakuna, mwenyewe kaomba ruhusa. Udhaifu ulioshikwa? Hofu ya kufa, ambayo hata mtu mkarimu anayo, si ubahili tena. Kimepatikana nini? Hakuna fedha, hakuna ndoa, hakuna aliyeokolewa. Safu iko tupu. Na hii ndiyo hila pekee ambayo Scapin ananaswa akiifanya kwa mikono yake. Zile za faida zilipita. Hii ya kujifurahisha imemfichua, tena kwa sababu alitaka raundi moja zaidi. Insha yako iko ndani ya safu hiyo tupu.

Boileau, mshairi na mhakiki, alilaumu mwaka 1674, katika Art poétique, kwamba ndani ya gunia lile la kijinga hamtambui tena mwandishi wa Le Misanthrope, tamthilia nyingine ya Molière. Mtaje kwenye insha. Mpinzani mwenye heshima hukupa mahali pa kusimama. Boileau aliona gunia ni kituko cha sokoni kilichoingizwa kwenye sanaa kubwa. Mimi naamini amekosea, kwa sababu bila gunia tungebaki na mtumishi hodari anayefanikisha ndoa za mabwana zake. Gunia linatuonyesha kwamba kuna deni lake binafsi ambalo fedha hazilipi.

Baada ya hapo angalia nani anamfichulia Géronte hila ya merikebu. Ni Zerbinette, anayemsimulia kisa chote kwa kicheko, hajui kwamba anayemsimulia ndiye aliyedanganywa. Na mafundo ya ndoa yanafunguka bila Scapin kabisa: Hyacinte aliyeolewa na Octave kumbe ni binti wa Géronte, yuleyule ambaye baba walitaka aolewe na Octave tangu mwanzo. Zerbinette naye ni binti wa Argante, aliyeibwa akiwa na miaka minne na kutambuliwa kwa bangili. Uliza kwa uaminifu: hila za Scapin zimebadilisha nini hasa? Zimemkomboa Zerbinette kabla hajachukuliwa. Zimewapa vijana muda. Kwa upande wa Octave, ukweli ungekuja wenyewe. Insha nyingi humpa Scapin sifa ya mwisho mwema, na tamthilia haimpi.

Unapoandika, sentensi yako ya hoja iwe na kitenzi kinachoweza kubishiwa. "Scapin ni mjanja" haibishiki. "Scapin ananaswa siku anapoacha kudanganya kwa ajili ya wengine" inabishika, na aya zako zitakuwa na kazi. Nukuu vipande vifupi, kila kimoja na tendo na onyesho lake. Usifungue insha kwa maisha ya Molière. Asili ya kisa, tamthilia ya Kirumi ya Terentius iitwayo Phormio, ya mwaka 161 kabla ya Kristo, inatosha sentensi moja. Jina Scapin litakufaa zaidi: limetoka kwa Scappino, mtumishi wa michezo ya Kiitaliano, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kiitaliano scappare, kukimbia, kuponyoka. Liweke karibu na mwisho wa insha, kwa sababu mwisho wa tamthilia ni suala la kuponyoka.

Scapin analetwa amefungwa bandeji kichwani. Inasemekana nyundo ya fundi mawe imemwangukia naye anakata roho. Anaomba msamaha kwa wote, hasa kwa Géronte, na anapomwomba anataja zile fimbo. Géronte anamwambia nyamaza, nimekusamehe. Anazitaja tena, mbele ya Argante, mbele ya watoto, mbele ya wakwe. Kila akiomba radhi anampiga tena kwa maneno, na mzee hana la kufanya ila kusamehe upesi ili mdomo ufungwe. Anasamehe kwa sharti kwamba Scapin afe kweli. Argante anaingilia, msamaha unakuwa kamili, watu wanaelekea kwenye karamu, na Scapin anaomba abebwe awekwe mwisho wa meza, akingoja kifo.

Maandishi hayasemi kama anainuka. Wanafunzi wangu wa mwaka jana waligawanyika: nusu walitaka arushe bandeji na kucheza, nusu wakataka abaki amebebwa hadi taa zizimwe. Niliwaambia kila upande uandike ukurasa mmoja wa kutetea uamuzi wake kwa kutumia mistari ya daftari tu. Wewe pia uandike ukurasa huo kabla ya kuianza insha yenyewe, ukianza na swali la mahali: kwa nini ameomba mwisho wa meza, na si kiti cha karibu na bwana wake?